Uzuri wa Vioo Ndani ya Karata

Jioni, zamu ya mchana inapokwisha na silaha kurudishwa ghalani, aghalabu ndipo karata zinapotolewa. Mkeka hutandikwa chini ya mwembe au mbele ya nyumba za askari, mmoja akachanga, mwingine akakata, na mchezo ukaanza. Watoto husimama nyuma ya baba zao wakichungulia. Macho ya wachezaji huwa kwenye thamani ya karata tu: ni ree au si ree, ni turufu au si turufu. Ni wachache waliowahi kumtazama mfalme mwenyewe wakajiuliza mbona amechorwa kwa mistari mizito namna ile, mbona mavazi yake yamegawanyika vipande vya nyekundu, njano na bluu, na mbona uso wake haucheki wala haununi.

Katika miaka ya karibuni wachoraji wa Marekani na Ulaya wametoa pakiti za namna mpya, ambazo picha zake zimeigwa kutoka madirisha ya vioo vya rangi ya makanisa makuu ya kale. Mfalme, malkia na mtumishi wamejengwa kwa vipande, kila kipande na rangi yake, na kila kipande kimezungushiwa mstari mweusi. Aghalabu mgongo wa karata huchorwa duara kubwa lenye petali kama za ua, mfano wa yale madirisha ya duara yaliyo juu ya milango ya makanisa hayo. Wapo wanaozinunua kwa ajili ya kuzitazama tu, wasizicheze kamwe. Hapo ndipo linapozuka swali: je, uzuri huo unaufaa mchezo, au ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuzifahamu kazi mbili zenyewe. Fundi wa vioo vya rangi hafanyi kazi kama mtu apakaye rangi ukutani. Rangi huwekwa katika kioo chenyewe kinapoyeyushwa tanuruni: kobalti hukipa bluu, shaba hukipa nyekundu au kijani, manganizi hukipa zambarau. Fundi huchora picha yake kwa ukubwa kamili, akakata vipande vya vioo kuifuata, kisha akachora nyuso, vidole na mikunjo ya nguo kwa wino mzito uliochanganywa na unga wa kioo. Vipande hurudishwa tanuruni ili wino ushikamane na kioo. Tangu mwanzo wa karne ya 14 mafundi walijua pia kupaka mchanganyiko wenye madini ya fedha, ambao ukichomwa hugeuka njano; ndio uliotumiwa kutia rangi mataji na nywele. Mwisho, vipande vyote huunganishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mifereji pande mbili. Askari anaijua risasi kwa kazi nyingine. Dirishani, madini hayohayo ndiyo yashikayo kila kitu mahali pake. Mistari myeusi aionayo mtazamaji aliyesimama chini ndiyo hiyo risasi.

Fundi karata wa Ulaya, katika karne ya 15 na ya 16, alifuata njia iliyokaribiana na hiyo. Alichonga picha kwenye ubao, akaupaka wino mweusi, akaubana juu ya karatasi. Kwa hatua hiyo alipata mistari mitupu. Kisha alichukua violezo vilivyotobolewa, kimoja kwa kila rangi, akavilaza juu ya picha na kupitisha brashi. Rangi zilikuwa chache kwa sababu kila moja ilidai kiolezo chake na muda wake. Mistari ilikuwa mizito kwa sababu kiolezo husogea, na mstari mzito huficha kosa la mkono. Basi mafundi wawili, mmoja mwenye tanuru na mwingine mwenye ubao, walifikia kanuni moja: mstari mweusi ulio imara, rangi chache zilizokolea, na umbo linalotambulika kwa mbali.

Mji mmoja wa Ufaransa uliziona kazi hizo zote mbili zikistawi pamoja. Rouen, mji wa bandari ulio kando ya mto Seine, ulikuwa katika karne ya 16 na mafundi karata waliouza bidhaa zao hadi Uingereza. Na katika karne hiyohiyo makanisa yake yalitiwa madirisha ya vioo vya rangi yanayotazamwa hadi leo. Karata zilizotengenezwa humo na Pierre Maréchal, yapata mwaka 1567, zimehifadhiwa, na anayeziona hutambua mara moja kwamba ndizo wahenga wa wafalme na malkia wanaochezwa sasa katika sehemu nyingi za dunia. Waingereza waliziiga. Mwaka 1628 mafundi karata wa London walipewa hati ya kifalme ya kuunda chama chao, na karata za kigeni zikazuiwa kuingia nchini. Tangu hapo mafundi wa Kiingereza waliendelea kunakili nakala za nakala. Mfalme wa kopa, ambaye hapo kwanza alishika shoka, alipotezewa kichwa cha shoka lake na wanakili wasiojua walikuwa wakichora nini. Kilichobaki kikageuka upanga, na leo upanga huo huonekana kana kwamba mfalme anajichoma kichwani. Hayo ndiyo matokeo ya kuiga bila kufahamu, nayo ni onyo kwa kila mchoraji anayetaka kuiga dirisha.

Ujerumani nayo ina ushahidi wake. Jost Amman, aliyezaliwa Zürich mwaka 1539 na kufanya kazi Nürnberg hadi alipofariki mwaka 1591, alichora vitabu, alichora violezo kwa ajili ya mafundi wa vioo, na mwaka 1588 alitoa kitabu cha karata. Katika karata hizo aliacha alama zilizozoeleka, akatumia vitabu, vifaa vya kupakia wino vya wapiga chapa, na vyombo viwili vya kunywea. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1568, alikuwa amechora kitabu cha kazi za mikono pamoja na mshairi Hans Sachs. Humo fundi mchora vioo anaonekana katika ukurasa wake, na mtia rangi wa picha za chapa, ambaye karata nazo zilipita mikononi mwake, anaonekana katika ukurasa mwingine, brashi mkononi. Walikuwa majirani katika kitabu kama walivyokuwa majirani mjini.

Hata watu waliochorwa ni walewale. Katika kanisa kuu la Chartres, chini ya dirisha la duara la upande wa kaskazini, yupo Mfalme Daudi wa vioo, aliyewekwa hapo katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, naye ameshika kinubi. Katika karata za Kifaransa kila mfalme ana jina lake, na mfalme wa shupaza ndiye Daudi. Naye pia huchorwa pamoja na kinubi. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kumtambua mfalme huyo kanisani kwa kinubi chake, na akamtambua vilevile kilabuni. Hata jina la uru kwa Kifaransa, carreau, ni neno linalotumika pia kwa kigae cha sakafuni na kwa kioo cha dirisha. Katika nyumba za zamani za Ulaya madirisha mengi yalijengwa kwa vioo vidogo vya umbo hilohilo la uru, vilivyoshikwa kwa risasi.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi sehemu ya historia hiyo. Neno karata, pamoja na majina shupaza, kopa, uru na pau, yalitoka kwa Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Wachezaji wa zamani wa pwani waliziita karata zenye picha za watu mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne: malkia, mtumishi na mfalme, kila mmoja kwa pointi zake, kama Wareno wanavyozihesabu. Lakini kabla ya Wareno walikuwapo Waarabu. Katika jumba la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Misri za enzi ya Wamamluki, zenye alama za vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Hazina picha za watu. Zimejaa nakshi na maandishi ya kumtaja mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Wahispania huziita karata naipes, na wataalamu wengi wanaamini kwamba jina hilo limetokana na huyo naibu, ambaye cheo chake kinatajwa kila siku katika ofisi za serikali na za polisi. Kwa hiyo karata ilipoingia kanisani kutafuta uzuri wa vioo, ilikuwa tayari imeshapita katika nakshi za Kiislamu, nazo zilikuwa nzuri bila ya sura ya mtu hata mmoja.

Pamoja na udugu huo wote, ipo tofauti moja ambayo mchoraji hana budi kuikabili. Kioo huishi kwa kupitisha mwanga. Dirisha la rangi likitazamwa kutoka nje mchana ni jeusi na halina maana. Uzuri wake humngoja aliye ndani, wakati jua limesimama nyuma yake. Karata ni kinyume chake kabisa. Karata hufa siku inapopitisha mwanga, kwa kuwa aliyeketi mbele ya mchezaji ataisoma kutoka mgongoni. Kwa sababu hiyo karata bora hutengenezwa kwa karatasi mbili zilizobanwa kwa gundi nyeusi katikati, ili hata ikiinuliwa mbele ya taa isionyeshe siri yake. Mchoraji anayeiga dirisha anajaribu basi kuonyesha nuru juu ya kitu kilichokatazwa nuru.

Anawezaje? Hutumia ujuzi wa macho. Rangi iliyopakana na mstari mweusi huonekana kukolea zaidi kuliko ilivyo. Mchoraji akiacha katikati ya kipande pawe peupe kidogo, na kuikoleza rangi kadiri inavyokaribia mstari, jicho hudhani kwamba kuna taa nyuma. Njano ikiwekwa kandokando ya bluu, zote mbili huamka. Mafundi wengine wa sasa huongeza utando mwembamba unaong'aa kama dhahabu. Lakini hakuna kinachoshinda kazi ya mstari mweusi wenyewe.

Makosa nayo hutokea hapo hapo. Kosa la kwanza ni wingi wa vipande. Dirisha hutazamwa kwa muda mrefu na kwa utulivu, bali karata hutazamwa kwa muda wa kufumba jicho, kumi au zaidi zikiwa zimepangwa mkononi, na huonekana pembe moja tu. Mfalme aliyekatwa vipande mia hupotea ndani ya mavazi yake, na mchezaji humtupa akidhani ni mtumishi. Kosa la pili ni rangi. Bluu iliyoiva sana, katika mwanga wa kandili, haitofautiani na nyeusi. Na nyekundu ya kopa ikichanganywa na zambarau huleta ubishi. Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo huwa mgongoni. Dirisha lina juu na chini. Karata haipaswi kuwa na juu wala chini, na ndiyo sababu katika karne ya 19 wafalme wenye vichwa viwili walienea. Mchoraji akiweka mgongoni duara lenye mtakatifu aliyesimama, au petali moja iliyoelekea upande mmoja, amempa mlaghai silaha. Mlaghai atazigeuza ree zote upande mmoja kabla ya kugawa, na tangu hapo atazitambua zikiwa zimefunikwa.

Jambo hilo si dogo, kwa kuwa palipo na karata mara nyingi kamari haiko mbali. Mwaka 1377, karata zilipokuwa bado ngeni barani Ulaya, mji wa Florence ulikwisha kutunga amri dhidi ya mchezo wake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1423 mhubiri Bernardino wa Siena alipohubiri dhidi ya kamari katika mji wa Bologna, watu walizitupa karata zao motoni. Fundi karata mmoja alimwendea akilia kwamba ameondolewa riziki. Mhubiri akamshauri achore alama ya jina la Yesu ndani ya jua lenye miali, awauzie watu hiyo. Iwe ilitokea hivyo au la, kisa hicho kinaonyesha kwamba mkono uliochora karata ulifaa pia kuchora kitu cha kutundikwa ukutani. Kilichobadilika ni matumizi. Familia ya askari inaifahamu tofauti hiyo bila kuhubiriwa. Pakiti moja ya karata huweza kuwakutanisha baba, mama na watoto jioni nzima kwa kicheko, na pakiti hiyohiyo, ikipelekwa nyuma ya bohari siku ya mshahara, huweza kurudisha nyumbani mifuko mitupu na ada ya shule isiyolipwa. Uzuri wa picha haumwokoi aliyeweka posho ya watoto juu ya mkeka.

Kwa nyumba inayotaka karata za kucheza na kujifunza, hakuna haja ya kuagiza pakiti za ghali kutoka ng'ambo. Karata za vioo zaweza kutengenezwa mezani katika siku za likizo. Zinatakiwa karatasi nzito za kuchorea, wino mweusi, rangi nne (nyekundu, njano, bluu na kijani), gundi, rula na mkasi. Karatasi moja ipakwe wino mweusi upande wa ndani, iachwe ikauke, kisha ibandikwe kwenye nyingine na kulazwa chini ya vitabu vizito usiku kucha ili isipinde. Zikatwe karata 52 za milimita 63 kwa 88, kipimo kinachotumika sana. Pembe zikatwe mviringo, zote kwa kiolezo kimoja.

Picha za watu ni 12 tu. Karata 40 zilizobaki ni za alama na hesabu. Kwa kila mtu, mtoto achore kwanza nusu ya juu: kichwa, taji, mabega na kitu kimoja cha kumtambulisha, kama upanga, ua au kinubi. Nusu hiyo inakiliwe chini ikiwa imegeuzwa. Kisha umbo ligawanywe kwa mistari isiyozidi kumi na miwili kila nusu, yenye unene wa njiti ya kiberiti, na kila mstari uishie kwenye mstari mwingine au kwenye ukingo. Kwa kuwa katika dirisha la kweli, risasi inayoishia hewani haishiki kitu. Rangi zipakwe mwisho, na katikati ya kila kipande paachwe pepesi. Pembe mbili zinazokabiliana ziachwe nyeupe kwa ajili ya alama na herufi. Mgongo ni heri upakwe rangi moja tupu kuliko kuchorwa maua yasiyolingana.

Zikiisha, zijaribiwe mara tatu. Kwanza, kila karata iinuliwe mbele ya taa: ikiwa picha inaonekana kutoka mgongoni, karata hiyo irudiwe. Pili, zitandazwe zikiwa zimefunikwa, nusu yake zigeuzwe juu chini, na mtu atakiwe kuonyesha zilizogeuzwa. Asipoweza, mgongo ni wa haki. Tatu, mzee wa nyumba akae upande wa pili wa mkeka, taa ikiwa hafifu, azitaje karata moja baada ya moja. Zile atakazozikosea zina mapambo mengi mno. Mtoto aliyeifanya kazi hiyo atakuwa amejifunza kupima, kugawanya umbo, kuzidisha nne kwa kumi na tatu, na kuwatendea haki wachezaji wote.

Lipo jambo la mwisho la kukumbukwa kuhusu mji wa Rouen. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, madirisha ya karne ya 16 ya kanisa la Mtakatifu Vincent yalitolewa mahali pake na kufichwa mbali. Mwaka 1944 kanisa lenyewe liliharibiwa kwa mabomu. Vioo vilisalimika, na leo vimo katika kanisa jipya la Jeanne d'Arc, lililokamilika mwaka 1979 katika mji huohuo. Viliweza kuokolewa kwa kuwa walikuwapo watu waliojua namna ya kuvishusha kabla ya hatari kufika, wakavitunza hadi amani iliporudi.

Karata nazo zina sharti linalofanana na hilo. Ree ikipotea, na hata pau ya mbili isiyothaminiwa na mtu ikipotea, zile 51 zilizobaki haziufai mchezo. Kwa hiyo mchezo unapokwisha na mkeka kukunjwa, mtoto mmoja apewe kazi ya kuzihesabu karata kabla hazijarudi ndani ya kijaluba.